Leta la Zamani

Dukani, Jumanne, 3 Juni

Mdogo wangu Nati,

Salamu nitazikatisha, maana basi la mizigo linaondoka saa nne na kondakta wake hana subira na mtu. Ndani ya bahasha utakuta karatasi za benki. Palipowekwa msalaba kwa kalamu nyekundu ndipo pa sahihi yako. Pangu nimeshasaini. Nyumba anayokaa mama iko kwa majina yetu wawili kama baba alivyoiacha, kwa hiyo bila mkono wako hati haiwezi kuwekwa dhamana. Wanazitaka kabla mwezi haujaisha.

Najua ungependa tuongee kwa simu. Mimi sitaki. Mara ya mwisho ulinikatia, au mimi ndiye niliyekukatia, sikumbuki, ila wifi yako aliyekuwa chumba cha pili alidhani tumefiwa. Kwenye barua angalau utanisikiliza mpaka chini.

Duka linakufa, Nati. Jana aliingia bwana mmoja wa shati lililopigwa pasi, akaomba bomba la sinki. Nikamuuliza la zamani liko wapi, akacheka kama nimemtania. Nikamtolea moja hivyo hivyo ajionee. Akaligeuza, akalipiga picha mbele ya macho yangu, kisha akanionyesha simu yake: bomba lile lile, mtandaoni, bei chini ya yangu. Akasema, "Pole, mzee." Mimi, mzee. Akatoka, akasimama kibarazani pangu kwenye kivuli changu, na hapo hapo akaagiza kwa hao mabosi wako.

Basi nimepiga hesabu. Nikinunua kontena zima moja kwa moja kiwandani, nitauza chini yao, na watu watarudi mbio. Watu wanafuata bei, hakuna kingine. Baba aliliendesha duka hili miaka yote kwa sababu bei yake ilikuwa rahisi kuliko ya wote mtaani. Mimi nataka kurudi pale pale alipokuwa.

Usiniulize mzigo usipouzika itakuwaje. Najua kama wewe unavyojua: benki itachukua nyumba. Hautakosa kuuzika.

Mama nilimweleza Jumapili, amekubali. Mzima. Ila mkono wa kulia ameuviringisha bandeji, anasema ni baridi.

Saini, uzirudishe kwa basi hilo hilo.

Kaka yako,
Bolti


Ghalani, Ijumaa, 6 Juni

Kaka Bolti,

Karatasi zimefika. Msalaba mwekundu nimeuona, ungeonekana hata na asiye na macho. Sijasaini.

Usirushe barua hii kwanza. Umesema kwenye barua nitakusikiliza mpaka chini, nami nimesoma mpaka chini, mara mbili. Sasa ni zamu yako.

Unajua ninapofanyia kazi lakini hujawahi kuniuliza ninafanya nini. Nakaa meza ya marejesho. Kila kitu ambacho mtu amekinunua mtandaoni kisha akakikataa kinapita mikononi mwangu. Nakifungua, nakikagua, naandika kwa nini kimerudi. Viatu, pasi, mapazia, na vifaa vya bomba, Kaka, vingi kuliko unavyodhani. Karibu vyote vinarudi kwa sababu moja: saizi siyo. Mtu ameona picha, akabonyeza, kikaja cha nusu inchi na bomba lake ni la robo tatu. Ungekuwepo ungecheka mpaka ushikwe na kikohozi.

Lakini nisikilize. Mtu yule yule, siku ile ile aliyorudisha, anaagiza kingine. Na anachagua kile kinacholetwa kesho asubuhi, ambacho nauli yake inakaribia bei ya kitu chenyewe. Anayefuata bei hawezi kufanya hivyo. Ninavyoona mimi hapa, watu hawakimbii bei yako. Wanakimbia usumbufu. Kwako inabidi mtu afunge maji ya nyumba nzima, alifungue bomba lililoshika kutu, alibebe mpaka dukani, apange foleni nyuma ya mafundi, arudi nalo, na watoto wanamsubiri waoge.

Kwa hiyo nina maswali. Ule ubao wa baba bado uko juu ya kaunta, HATUUZI MPAKA ULETE LA ZAMANI? Mkono wa mama ulianza lini, na nani kauona? Na jikoni kwa mama umeingia lini mara ya mwisho? Sisemi sebuleni. Jikoni.

Nijibu hayo, ndipo tuongee sahihi.

Mdogo wako,
Nati


Ghalani, Ijumaa, 6 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Barua hii nimempa dereva akukabidhi mkononi, asiipitishe dukani kwa Kaka.

Wiki iliyopita nilifungua boksi kama ninavyofungua mengine. Ndani mlikuwa na bomba la jikoni, jipya, limerudishwa. Lilikuwa limevikwa kitambaa kilichofuliwa, kikapigwa pasi, kikakunjwa upindo. Mwenzangu wa meza ya pili akacheka: nani huyu anarudisha bomba amelivalisha nguo? Mimi sikucheka. Maua ya njano yale nayajua. Ndilo pazia la jikoni kwetu.

Nikatazama anuani ilikotoka. Ni ya kwetu.

Mama, mwanao ana duka la mabomba. Ulikuwa na haja gani ya kununua mtandaoni?

Na kuna jingine. Fundo la kitambaa halikuwa lako. Wewe ukifunga fundo mtu hulifungua kwa kisu. Hili lilikuwa limelegea, na ncha moja imetafunwa. Limefungwa kwa mkono mmoja na meno. Kaka anasema ni baridi. Mimi siamini kuwa ni baridi. Naomba uniambie kweli, maana kuna karatasi mbele yangu zinazongoja sahihi, na nyumba inayotakiwa ni hiyo uliyomo.

Binti yako


Dukani, Jumatano, 11 Juni

Nati,

Nilikuomba sahihi, umenitumia mtihani.

Haya, nakujibu. Ubao uko pale pale na utabaki pale pale. Baba aliuweka kwa sababu watu hawajui saizi zao, na wewe mwenyewe umeniandikia mezani kwako mnarudishiwa makorokoro kila siku. Sasa ni nani mwenye akili, baba au hao wabonyezaji wako? Ukinunua kwangu hurudishi. Huo ndio usumbufu unaousema? Duka liko barabarani, mlango uko wazi tangu asubuhi, mtu ana miguu miwili. Usumbufu ni neno la watu wavivu.

Mkono wa mama ni baridi. Nimeshakwambia.

Jikoni? Jumapili nilikaa na mama sebuleni saa nzima tukizungumza mambo ya benki. Aliniletea maji kwenye jagi, aliniletea chai, tukacheka vizuri. Niingie jikoni kwake kutafuta nini? Mimi si mkaguzi.

Nitakwambia ninachokiona, na usinikasirikie. Umekula mshahara wao mpaka umeanza kuongea kama wao. Baba alituita Bolti na Nati akisema mmoja bila mwenzake ni chuma cha kuokota. Bolti bado iko hapa, inashikilia. Nati imekwenda kufungia mashine ya watu wengine.

Usiponisainia, nitajua ni wewe uliyelifunga duka la baba. Nitamwambia mama, nitawaambia na watoto wangu shangazi yao alifanya nini. Si vitisho. Nakwambia tu yatakayokuwa.

Afisa wa benki ananipigia kila siku kuuliza. Bei ya kontena inabadilika mwezi ukiisha.

Bolti


Nyumbani, Jumamosi, 14 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Samahani kwa mwandiko, nimeandika kwa mkono wa kushoto. Una haki ya kucheka.

Kumbe boksi lilifika kwako. Dunia yote hii, na meza zote hizo, likaja kutua kwako. Hata kufanya jambo la siri siku hizi hakuwezekani.

Nakueleza, lakini ni siri yangu na yako. Bomba la jikoni lilianza kuvuja muda mrefu. Nikampigia kaka yako. Akasema, "Mama, nitumie la zamani nione saizi." Nikajaribu kulifungua, limeshika kutu, halisogei. Nikampigia tena, akasema atakuja Jumapili. Jumapili hiyo ya mwezi wa tano alikuja mbio na hesabu zake za duka, hata kiti hakikupata joto. Mara ya tatu nikamkumbusha mlangoni anapoondoka. Akanibusu kichwani akasema, "Lete la zamani tu, mama, nitakupa jipya bure." Alisema kwa upendo. Usimfikirie vibaya.

Nikaweka ndoo. Ndoo ikajaa nikiwa nimelala, asubuhi nikateleza. Nilijizuia kwa huu mkono. Muuguzi, huyu jirani yetu wa ukuta mmoja, alinifunga bandeji. Alinisihi niende nikapigwe picha, nimemwambia kesho, kila siku namwambia kesho.

Utaniuliza kwa nini sikuita fundi. Mafundi wote wa hapa wananunua kwa kaka yako. Nikimwita mmoja, kufikia jioni duka zima litajua kwamba mama wa mwenye mabomba hana bomba. Nisingeweza kumfanyia hivyo, na wakati huu ambao wateja wenyewe wanahesabika.

Basi muuguzi akanionyesha kwenye simu yake. Nikachagua kwa kidole. Kesho yake mtu yuko mlangoni, ananiita mama, ananikabidhi, hakuniuliza chochote. Nililipa kwa hela ya mashuka niliyoshona kabla sijaanguka. Ghali, lakini nakwambia ukweli, nilifurahi. Kisha likagoma kuingia, saizi siyo. Nikalirudisha. Huwezi kumrudishia mtu kitu chake uchi, ndiyo nikalivisha pazia.

Sasa nimefunga maji ya jikoni chini ya sinki, nachota bafuni kwa jagi. Siyo shida kubwa.

Usimwambie kaka yako, nakuomba kwa maziwa niliyokunyonyesha. Na hizo karatasi saini tu. Hapati usingizi, amekonda. Kama ni nyumba, mimi mahali pa kulala sitakosa.

Mama


Ghalani, Alhamisi, 19 Juni

Kaka,

Nimesaini. Karatasi zimo ndani, msalaba wako umepata ulichokitaka.

Usikimbie nazo kwanza. Nimesaini kwa sababu nikikunyima, mpaka nazeeka nitakuwa Nati aliyelifunga duka la baba, hata kama lingefungwa lenyewe. Sitaki kubebeshwa hilo. Uamuzi nimekurudishia wewe, wote, uushike mwenyewe. Naomba jambo moja tu kabla hujafika benki: ingia jikoni kwa mama, ufungue bomba.

Mama ameniapisha nisikwambie. Navunja kiapo, na nitamwomba radhi mwenyewe. Bomba lake limekufa. Alikuomba mara tatu, mara tatu ukamwambia alete la zamani. Mama yetu, Kaka, na umri ule, ulitaka ajikunje chini ya sinki afungue nati yenye kutu akuletee dukani. Akaweka ndoo, ndoo ikafurika, akateleza. Hiyo ndiyo baridi yako. Fundi hakuita, kwa kuogopa mafundi watakucheka. Akanunua bomba mtandaoni. Likarudi, likaja mezani kwangu, limevikwa hicho kitambaa nilichokuwekea humu ndani. Kitazame vizuri ukijue.

Sasa tuongee bei, kwa kuwa unapenda bei. Kwako bomba lile lilikuwa bure. Ulimwambia kwa mdomo wako, bure. Na bado alikwenda kulinunua kwa watu asiowajua, akalipa na nauli juu, kwa hela ya mashuka. Kontena lako litashusha bei mpaka wapi? Chini ya bure kuna nini?

Na usidhani nawasifia waajiri wangu. Wao walimpelekea saizi mbovu. Hawajui ana sinki la aina gani, hawajui hata kama ana mkono. Lakini walifika mlangoni. Wewe unakaa mitaa miwili kutoka kwake.

Nina hasira nawe kiasi kwamba naandika nimesimama. Nina huruma nawe pia, kwa hiyo nimesaini. Fanya utakavyo.

Nati


Ghalani, Jumanne, 1 Julai

Kaka,

Mwezi umeisha. Simu yako inaita mpaka inakata. Ya mama naambiwa haipatikani. Wifi amenijibu neno moja tu, "Subiri," na tangu jana silali.

Kama umeziweka karatasi benki, niambie. Kama mama amekasirika kwa kuwa nilisema, niambie. Kama mkono wake umekuwa mbaya zaidi, hilo ndilo uniambie kwanza kabla ya yote. Dereva wa basi anangoja jibu, nimemlipa asubiri.

Nati


Dukani, Ijumaa, 4 Julai

Nati,

Mama ni mzima. Nimeanza na hilo kama ulivyotaka. Simu yake ilitumbukia kwenye ndoo, utaniuliza ndoo gani, nitafika huko.

Barua yako ya tarehe kumi na tisa nilisoma neno la kwanza: "Nimesaini." Basi. Niliishia hapo. Mimi niliyekuandikia kwamba kwenye barua mtu anasikilizwa mpaka chini. Nilichomoa karatasi za benki, barua nikaisukuma kwenye droo. Kile kitambaa nilidhani umekitia ili bahasha isichanike, nikafutia vumbi la kaunta. Nimeandika hapa ili usisikie kwa mwingine.

Benki wakasema vizuri, ila lazima afisa aione nyumba. Alikuja mwanamke mmoja mpole, mwenye tepu ya kupimia na faili kubwa. Tulikwenda naye mimi nikiwa mbele kama bwana harusi. Akagonga kuta, akapima sebule, akasifu dari. Mama alikuwa anatufuata nyuma, ule mkono ameuficha ndani ya khanga. Tulipofika mlango wa jikoni akatupita upesi, akasimama katikati ya mlango.

"Huku hamna kitu, ni vyombo tu," akasema.

"Mama, mimi jikoni ndiko ninakoangalia sana," afisa akamwambia, na akapita taratibu.

Nikaingia na mimi. Nati, sikumbuki nilipoingia mle mara ya mwisho. Kulikuwa na ndoo mbili na jagi la bafuni juu ya sinki. Shingo ya bomba ilikuwa imefungwa kitambaa cha maua ya njano, na hapo ndipo nilipokijua kile nilichofutia kaunta. Afisa akazungusha bomba. Kimya.

"Maji yamekatika mtaa mzima?" akauliza.

"Ndiyo, mtaa mzima," mama akajibu, haraka.

Na upande wa pili wa ukuta muuguzi alikuwa anaosha vyombo. Maji yanamwagika, tunayasikia sote watatu. Afisa akaandika kwenye faili lake, kisha akaniuliza, bila kuinua macho, "Biashara ya mkopo huu ni ipi vile?"

Mama ndiye aliyejibu. Alinyanyua kidevu kama anavyofanya akikutaja wewe kwa wageni. "Mabomba," akasema. "Mwanangu ana duka kubwa la mabomba."

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningepata nafuu.

Afisa alikuwa muungwana. Aliniambia mlangoni kwamba nitengeneze tu, atarudi Jumatatu, mkopo hauna tatizo lolote. Nilimsindikiza, nikaenda dukani moja kwa moja. Bomba la saizi ile liko nyuma ya kiti ninachokalia, Nati. Naliegemea kila siku. Nilinyoosha mkono tu. Kisha nikafungua droo, nikachukua barua yako, nikaitia mfukoni bila kuisoma, naogopa.

Kulifungua lile la zamani kulinitoa jasho. Mimi, na mikono miwili, na spana ndefu ya baba, nimepiga magoti sakafuni nikitukana kimoyomoyo. Na hicho ndicho nilichotaka akifanye yeye. Nilipolitoa, maji yaliyobaki kwenye mpira yakanirukia, mama akashtuka, simu yake ikaanguka ndooni. Akasema, "Si kitu, haikuwa na salio." Nikacheka, halafu nikajikuta nalia pale pale chini ya sinki, na yeye akajifanya anatafuta kikombe.

Nilimpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Mfupa una ufa. Daktari aliuliza ni lini alianguka, mama akamwambia juzi. Mimi nikamwambia ukweli, maana kwenye foleni ndipo nilipoisoma barua yako, mpaka chini safari hii. Ile ya "chini ya bure kuna nini" niliirudia mpaka wakaita jina letu. Amefungwa plasta ngumu, wiki kadhaa. Amehamia kwangu kwa sasa, yeye na wifi yako wameshaanza kupikiana kwa kushindana. Kwa hiyo yule aliyekwambia "subiri" hakuwa na roho mbaya, alikuwa amemshika mama bafuni. Simu yangu mimi sikuipokea kwa sababu sikujua nitakwambia nini.

Mama hajakukasirikia. Alisema tu, "Nati tangu mdogo hakai na siri, anaitapika."

Jumatatu afisa alirudi. Akazungusha bomba, maji yakaja kwa nguvu, akatabasamu. Akanyoosha mkono nimpe karatasi. Nilikuwa nazo, zimesainiwa zote, yako na yangu. Nikamwambia hapana. Akaniuliza kama nimepata benki yenye riba nafuu. Kila mtu anadhani ni bei, hata yeye.

Sitakudanganya kwamba nimeshaokoka. Ubao nimeushusha. Mafundi wameniuliza kama nahama, na mmoja amekasirika kabisa, anasema namdharau baba. Nimeandika namba yangu kwenye mlango: nipigie, nakuja na mkoba, napima mwenyewe, nafunga mwenyewe. Wengine wamepiga. Juzi nilikwenda kwa mama mmoja mwenye watoto wadogo, maji yamefika mpaka chini ya kitanda. Hakuniuliza bei mpaka nimefunga mkoba. Nikamuuliza, hukuogopa ningekuwa ghali? Akasema, "Nilikuwa naogopa mafuriko." Bei yangu ilikuwa juu kuliko ya mtandaoni, nilimwambia hivyo, akanilipa na kunipa ndizi.

Hata hivyo duka linaweza kufungwa kabla mwaka haujaisha. Wateja wa nyumbani ni wachache, na mguu wangu mmoja umeanza kulalamika. Lakini likifungwa litafungwa peke yake, halitaibeba nyumba.

Karatasi zako hizo, nakurudishia. Zichane wewe. Mimi nilijaribu, mkono ukakataa, nilipoona sahihi yako imekandamizwa mpaka imetoboa upande wa pili. Na kile kitambaa nimekifua. Kina doa la kaunta, halitoki, nisamehe. Ile niliyokuandikia kuhusu nati na mashine ya watu wengine, hiyo nisamehe zaidi.

Nilitaka kuandika zaidi lakini mama amenipigia sasa hivi kwa simu ya wifi yako. Anasema bomba la bafuni kule kwangu linadondosha. Nimelipitia mimi mwenyewe Jumanne, halina hata tone. Anajua kwamba najua. Sikumwambia alete la zamani. Nimeshafunga duka, mkoba uko mlangoni, ndiyo natoka.

Bolti